Kitambaa cha Kufutia Sufuria

Mama mkwe wangu alipotoka Nakuru kuja kututembelea huku ughaibuni, Doonside, alinikuta na tabia mbaya: nashona. Si kwa cherehani, kwa mkono. Ni ushonaji wa Kijapani unaoitwa sashiko, niliojifunza maktabani Jumamosi kwa mama mmoja Mjapani. Ukiutazama ni bandi tu, zile za moja kwa moja, ila zinapangwa mpaka zinatoa maua na mawimbi ya buluu juu ya kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Mwalimu alituonyesha cha kwake cha jikoni, cha kukaushia vyombo. Kilikuwa kimechakaa, kimelainika kama nepi iliyolea watoto watatu, na bado alikishika kwa majivuno. Nilitamani hicho, si kipya.

Mama mkwe hakuelewa. Ati mwanamke mzima anatoka shifti ya kuinua na kuogesha wazee, na badala ya kulala anakaa kudungadunga tambara ambalo dukani linauzwa bei ya mkate? Alinieleza hivyo jikoni, akamweleza mwanawe sebuleni, halafu akawapigia simu wa nyumbani awaeleze nao. Mimi nikaendelea. Kazini nina msimamizi, nyumbani nina mume na watoto, kanisani nina kamati. Saa yangu ya sindano ndiyo pekee haikuwa na bosi, na singemwachia mtu, hata aliyemzaa mume wangu.

Siku nilipomaliza, alikichukua kile kitambaa akakigeuza nyuma kwanza. Amefuma vitambaa vya makochi maisha yake yote, anajua uvivu unajificha wapi. Akatafuta fundo, hakuliona. Akakikunja akanirudishia, nami nikajiambia, haya, yamekwisha.

Wapi! Jumapili pasta na mkewe walikuja kula. Natoka jikoni na chai, naona kitambaa changu kimepigwa pasi, kimetandazwa juu ya kochi nyuma ya kichwa cha pasta. Mama mkwe alikuwa anawasimulia jinsi mke wa mwanawe alivyo na mikono ya dhahabu, na jinsi nitakavyomshonea vingine vinne aende navyo, vya sebule yake. Vinne! Huyu aliyeniona sina akili sasa alikuwa ananigawia kazi mbele ya mchungaji, akijua fika kwamba mbele ya mchungaji sitabisha. Nilichemka. Hata ile saa yangu ilikuwa imepata bosi.

Niliweka chai mezani. Nikamwomba pasta asogeze kichwa kidogo, nikachukua kitambaa, nikarudi nacho jikoni. Mchuzi wa kuku ulikuwa umefurika, manjano imetapakaa jiko zima. Mlango niliuacha wazi, kila mtu anaona. Nikafuta jiko, nikafuta sufuria pembeni na chini kwenye masizi, wala sikuwa na haraka.

Mama mkwe alinifuata mpaka karibu na sinki. Akayatazama maua yangu ya buluu yaliyogeuka rangi ya mchuzi.

"Umekiharibu," alisema kwa sauti ya chini, wageni wasisikie.

Mimi sauti yangu sikuishusha.

"Hapana, Mama. Ndio kwanza nimeanza kukitumia. Na vile vinne, ukivitaka, sindano iko kwenye droo."