Aliyemkataza Mama Kushika Panga

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "wewe amini tu," damu inanichemka.

Mama alikuwa mjane, na kibanja chetu cha Kamuli ndicho kilichotulea: migomba, na mibuni katikati yake, yote aliyoipanda pamoja na marehemu baba. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia, majani ya migomba ya upande wa chini yaligeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa. Ukikata ndizi, ndani ni kahawia na inanuka. Bwana shamba alikuja akamwambia mama waziwazi: migomba iliyougua ing'olewe na kufukiwa, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Mama alikubali. Lakini wiki hiyohiyo alikwenda Isingiro kwenye mkutano wa injili, akarudi na chupa ya mafuta ya upako.

"Mhubiri amesema tusikate," aliniambia. "Ukikata unachokiombea, umemwambia Mungu humwamini."

"Mama, huu ni ugonjwa. Unaenea."

"Najua ni ugonjwa. Ndiyo maana nauombea."

Alipaka mafuta mgomba mmoja mmoja, akimwita Mungu kwa Kinyambo, Ruhanga, kwa upole ulionichoma moyo. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia yule mwanamume aliyesimama jukwaani na kumfunga mama yangu mikono.

Ugonjwa ukavuka mpaka wa kibanja chetu. Jirani yetu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuwa amefanya vibarua vya kulima miaka mingi ndipo akapata kipande chake kando ya chetu. Alikuja asubuhi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, migomba yangu nayo imeanza. Nakuomba, kata ya kwako."

"Tutakuombea," mama akajibu.

Alituangalia, akavaa kofia, akaondoka bila kutukana. Afadhali angetukana.

Kisha mhubiri mwenyewe akaja na akina mama wa maombi. Alizunguka kati ya migomba iliyolala chini, akafumba macho, akasema, "Hapa nyumbani kuna mtu mwenye mashaka. Huyo ndiye anayeuzuia muujiza."

Wote wakanigeukia.

"Ni mimi," nikasema. "Na ulichokifanya hapa Mungu atakuuliza."

"Umesikia, mama?" mhubiri akasema. "Kikwazo ni binti yako."

Mama akamgeukia, akauliza, "Mtumishi, kwako migomba ikoje?"

"Mimi sina kibanja, mama. Ndizi nanunua sokoni."

Mama aliingia jikoni. Tulidhani amekwenda kulia. Alitoka na panga ambalo ncha yake ilikuwa bado inafuka moshi, akapita katikati ya wale wanawake, akaanza kukata.

Hatukuokoa migomba mingi. Jirani alipotuona alikuja na jembe, tukang'oa na kufukia pamoja, kwetu kisha kwake. Mama alilia kwa kila shina alilolikumbuka. Tulipanda maharage na viazi, tukala hivyo misimu kadhaa kabla ya kurudisha migomba kwa miche safi.

Mama bado anasali kila siku kanisani kwetu, kwa Walutheri. Anasema yule jirani kuja na jembe ndio uliokuwa muujiza. Mimi pia nasali, lakini hapo tunabishana: jirani alikuja kwa utu wake, na tulikuwa tumemuumiza. Sitaki mtu aifunike aibu yetu kwa jina la Mungu kama joho.

Juzi nilisikia mkutano umefika Songambele, mhubiri ni yuleyule. Nilikwenda. Nilisimama nyuma, kando ya spika, nikisikiliza. Alipofika kwenye habari za mashamba, alipoanza kuwaambia watu wasiguse kitu, nilipaza sauti kabla hajamaliza: "Kateni! Muulizeni kwanza kibanja chake kiko wapi!"