Mama Mkwe Anatazama Sahani Yangu

Mhariri, naomba ulifiche jina langu, na la mchumba wangu pia, maana mtaa wetu wa Remera ni mdogo. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, karani wa ghala hapa Kigali. Sekondari nilisoma Bukoba kwa wajomba zangu. Kila jioni huandika yaliyonipata siku hiyo, kwa hiyo maneno ya watu ninayowaeleza hapa ni yale yale waliyoyasema.

Mchumba wangu ni muuguzi Mhispania. Nitamwita Maite. Tulijuana mwaka 1991 kwenye zahanati anakofanya kazi. Katikati ya mwaka huu wa 1993 alinipeleka kwao San Sebastián, mji wa kaskazini mwa Hispania, ili wazazi wake wanione kabla ya ndoa. Niliogopa watanikataa kwa rangi yangu au kwa vita vya kwetu. Kumbe wala. Baba yake aliuliza habari za vita mara moja, nikamweleza, yakaisha. Kilichoniharibia ni chakula.

Katika ukoo wa baba yangu, mkwe hali mbele ya mama wa mchumba wake. Kunywa ni wajibu, ukikataa kinywaji cha ukweni umewatukana. Lakini kutafuna mbele ya mama mkwe ni mwiko mpaka ndoa ifungwe na yeye mwenyewe akukaribishe mezani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kanombe akirudia neno hilo hilo: "Usije ukatuaibisha huko. Mdomo wako uufunge."

Sasa oneni mji niliopelekwa. Jioni familia nzima inatoka, inaingia baa moja, inakula kidogo kwa kusimama, inahamia ya pili, halafu ya tatu. Kwenye kaunta wamepanga vipande vya mkate vilivyobebeshwa samaki, mayai au pilipili, kila kimoja kimechomwa kijiti. Unajichukulia mwenyewe, na mwishoni mwenye baa anahesabu vijiti kwenye sahani yako ndipo akutajie bei. Na mama mkwe alisimama bega kwa bega na mimi, baa baada ya baa.

Sahani yangu haikupata kijiti hata kimoja. Alinionyesha samaki, nikasema asante, nimeshiba. Kwetu mgeni akisema hivyo, mwenyeji humbembeleza mpaka achoke. Yule mama aliniamini papo hapo! Pombe nilikunywa yote. Wana pombe ya matofaa, wanaimimina kutoka juu ya kichwa, tone la kutosha funda moja, nawe unaimeza hapo hapo. Tumbo tupu, nikimeza tu. Kufika baa ya tatu nimeishika kaunta kwa mikono miwili. Mama mkwe akasema jambo, ndugu wote wakacheka.

"Anasema nini?" nilimuuliza Maite.

"Anasema wewe ni kama gari. Petroli tu."

Nilimvuta pembeni nikamweleza mwiko wetu. Kwanza alicheka. Alipoona sicheki, akakasirika. "Miaka miwili tunakula brosheti za nyama ya mbuzi pamoja, na hukuniambia?"

"Wewe si mama mkwe."

"Basi kula kimoja tu, kwa ajili yangu."

"Maite, siwezi. Yuko hapo."

Siku ya pili njaa ilinizidi. Nikaaga kwamba nakwenda kutazama bahari, nikanunua mkate na soseji, nikakaa kwenye benchi. Mimi, ambaye tangu utoto sijawahi kula barabarani, nilikuwa nabugia matonge kama mwizi. Kuinua macho, mama mkwe huyo, na mfuko wake wa sokoni. Ningeweza kusalimia. Badala yake niliacha kutafuna, shavu limejaa, nikauficha mkate nyuma ya mgongo.

Jioni ile hakutoka kwenda baa. Alimwambia Maite anitafsirie: "Nimeelewa. Chakula anakula. Sisi ndio hataki kula nasi." Maite alimweleza yote, shangazi na mwiko. Mama akajibu, "Mtu anayeniheshimu hanifichi mkate. Na wewe, binti yangu, utakwenda kuishi kwenye nyumba ya kula kwa kujificha?"

Tukarudi Kigali bila jibu. Sasa mama huyo amepata tiketi, anakuja Krismasi. Amesema kwa simu kwamba anataka kitu kimoja tu, anione nikila mezani pamoja naye. Akiona, atatubariki. Asipoona, anamtaka binti yake arudi kwao, na Maite ameniambia wazi kwamba haolewi bila baraka ya mama yake.

Nilikwenda kwa shangazi kumwomba anifungulie mwiko mapema. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa.

"Kule kwao ulifunga mdomo, hapa kwenu ndio uufungue? Wewe sha, nikikuona na mfupa mkononi mbele ya yule mama, nasimama, naondoka, na wazee wote nyuma yangu. Uone utaoa na nani."

Na bila wazee, ndoa hiyo kwetu haipo.

Nikamwambia Maite, labda nikae chumba cha pili, mlango wazi, nile huko. "Mama hasafiri mpaka huku aje kutazama mlango."

Nimechoka, ndugu wasomaji. Huko nilikaa na njaa kwa heshima, nikaitwa mwenye dharau. Hapa nikila, nimewadharau wa kwangu. Krismasi shangazi atakaa upande mmoja wa meza, mama Maite upande wa pili, na katikati yao sahani yangu imejaa. Wote wawili watakuwa wanautazama mdomo wangu. Ninyi mliowahi kukaa kati ya wakwe na wazee, niambieni ukweli hata kama unauma: siku hiyo ninyooshe mkono nile, au niukunje nimpoteze Maite?