Mstari Nao Una Kwao

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa daftari langu la wakati ule limeliwa na mchwa pembeni na tarehe imekwenda nayo. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba, huku Gongo la Mboto, ilikuwa imekaa uani kwa mama mmoja, na mimi katibu nimesimama, Biblia kifuani, sijaifungua. Hilo la kutoifungua lishike. Ndilo lililoniponza.

Nakuandikia haya kwa sababu wiki iliyopita ulinionyesha simu yako, na mstari ulioweka kwenye status, ule wa Mungu kutuwazia mema. Ukaniuliza, "Mzee, unauonaje?" Nikajibu mzuri, basi. Toka siku hiyo moyo haujatulia, kisha jana nimegundua jambo, na nina furaha siwezi hata kukaa kwenye kiti. Lakini nianze nyuma. Mimi si msomi. Nimeishia darasa la saba, nimekula kwa kushona makochi kando ya barabara ya Pugu, na huenda humu yapo niliyoyakosea. Nikisita, nitakwambia nasita.

Jumuiya yetu ilikuwa na kapu. Kila kaya ilileta ilichonacho, unga, maharage, sukari robo, na kapu likaenda kwa aliyekwama. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likienda kwa Baba Agape, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilifungwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Ana watoto wanne. Alikuwa mpole, hasemi sana, na mie mtu asiyesema sana nilikuwaga namdhania mvivu. Nikifungua kibanda changu asubuhi namwona anapita mikono mitupu. Jioni namwona anarudi mikono mitupu. Katikati ya hapo alikuwa wapi? Sikuuliza.

Basi ilipofika zamu ya kuzungumzia kapu, nikasimama. "Wapendwa," nikasema, "Neno liko wazi. Asiyefanya kazi na asile!"

Na sauti niliipandisha. Maneno yale sie tuliyaimba shuleni, majembe begani, tukienda shamba la shule. Kwangu yalikuwa siasa na dini kwa pamoja, nani angeyapinga? Watu wakaitikia amina, kapu likapelekwa kwingine. Niseme haki: huko kwingine nako kulikuwa na shida ya kweli. Lakini Baba Agape naye aliitikia amina, mwanangu. Aliitikia akitazama vidole vya miguu yake. Mkewe hakuitikia. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka kabla ya sala ya kufunga. Jumamosi iliyofuata hawakuja. Wala ile ya baada yake.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Kipare katika jumuiya yetu, tukimwita Mwalimu. Alifundisha Biblia miaka mingi kwenye chuo cha wachungaji huko bara. Kigiriki anakisoma kama mie ninavyosoma futi yangu ya kupimia vitambaa. Alipostaafu akaja kukaa kwa mwanawe. Hakunigombeza mbele ya jumuiya. Jumamosi hiyo ya pili alinisubiri getini.

"Katibu, ule mstari wako kwao wapi?"

"Kwao... kivipi, Mwalimu?"

"Nyie watu wa Dar, mtu akija kupanga chumba mnamuuliza kwenu wapi, wazazi wako nani, umefuata nini mjini. Mchumba wa binti yako utamchunguza mpaka bibi yake. Sasa mstari unauoa hivihivi, hata ukweni hujafika?"

Akina mama waliokuwa wakivaa kandambili pale wakaangua kicheko. Nikacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

"Kesho baada ya ibada uje nyumbani," akasema. "Uje na Biblia, na uje hujala."

Nikaenda. Uani kwake kulikuwa na sufuria kubwa ya makande motoni, inachemka taratibu, na harufu yake, wewe acha tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijala."

"Vizuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Haya, nitafutie ule mstari."

Nikapekua Mithali. Nikapekua Injili. Wapi! Jasho linanitoka, katibu mzima wa jumuiya, na maneno niliyomfukuzia mtu sijui yako ukurasa gani. Mwishowe akanionea huruma, akaweka kidole kwenye barua moja fupi ya Agano Jipya. Jina la barua sikutajii, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Soma yote, kuanzia salamu. Kwa sauti."

"Yote, Mwalimu?"

"Barua ya mama yako huwa unaianzia katikati?"

Nikasoma. Nilidhani itanichukua mchana kutwa, kumbe nimemaliza na makande hayajaiva. Kisha akaanza kuniuliza. Nani anaandika? Anamwandikia nani? Nimeona nini ndani ya barua kinachonionyesha kule kuna tatizo gani? Akanirudisha nisome tena, safari hii nikitafuta majibu. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipopata kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua. Barua ilianza kuwa na watu! Nikawaona, kanisa changa katika mji wa bandari, wanasumbuliwa, halafu wametishwa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika. Na miongoni mwao wapo waliokaa tu bila kazi, wanazunguka nyumba za wenzao, wanakula na kujitia katika mambo yasiyowahusu. Mwandishi anawakumbusha kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa kwao, alifanya kazi kwa mikono ili asimlemee mtu. Mtu wa mikono kama mie!

Nikasimama. "Mwalimu! Hawa kazi wanayo, hawaitaki!"

"Endelea."

"Lakini Baba Agape hakuiacha kazi. Kazi ndiyo imemwacha yeye!"

"Hilo umesema wewe. Endelea kusoma, shuka chini mistari mitatu."

Nikashuka. Na pale, mistari mitatu tu chini ya maneno yangu ya shamba la shule, mwandishi anawaambia wasichoke kutenda mema. Chini kidogo anasema hata yule mkaidi wasimfanye adui, wamwonye kama ndugu. Mistari mitatu! Mie nilikuwa nimeishia getini, nimesoma kibao cha mbwa mkali nikageuza, sijui kama ndani wenyeji wametandika mkeka wa chakula.

Nikataka kukimbia nikawatangazie watu wote hapohapo. Mwalimu akanishika shati. "Kaa. Usibadilishe haraka moja kwa haraka nyingine." Akaniambia wasomi wenyewe hawakubaliani. Wengine wanasema watu wale waliacha kazi kwa kungoja siku ya Bwana. Wengine wanasema walizoea kulishwa na matajiri wa mji. Na wapo wanaosema barua yenyewe haikuandikwa na yule ambaye jina lake liko juu, bali na mwanafunzi wake baadaye. Nikashtuka mpaka nikaweka chini kikombe cha maji alichonipa.

"Sasa mie nimwamini nani?"

"Pima hoja ya kila mmoja. Na kwenye daftari lako uandike 'wengine wanasema', usiandike 'imethibitika'. Ila nitafutie, katika hao wote, hoja ya nani inamnyima Baba Agape unga."

Nikatafuta kichwani. Sikuiona hata moja.

Akapakua makande. Nikaitazama sahani, nikaisogeza pembeni.

"Vipi, chumvi imezidi?"

"Hapana, Mwalimu. Naomba sufuria yote."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Ulifikiri nilikuwa nampikia nani, sufuria yote hii?"

Nikaweka kata ya kitambaa kichwani, nikaibeba sufuria mpaka kwa Baba Agape, jua bado kali. Mlangoni nikakuta sahani imefunikwa kawa. Ilitoka kwa Mzee Shabani, jirani yao, Mwislamu, mzaliwa wa Temeke. Mkewe alikuwa akiwaletea chakula tangu ile Jumamosi niliyosimama, wala hakuwauliza mstari wowote. Niliona aibu ambayo sina haja ya kuipamba.

Baba Agape akatokea mlangoni. "Karibu, Katibu. Leo Neno limebadilika?"

"Halijabadilika, kaka. Ndo kwanza nimelisoma."

Sauti ya mkewe ikatoka ndani: "Baba Agape, mpokee sufuria, kichwa chake kisije kikaungua pamoja na hiyo akili kidogo iliyoanza kuingia!"

Tukacheka, na katika kucheka nikapata nguvu ya kuomba radhi, mbele ya wote wawili na watoto. Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza mwanzo, anakwendaga wapi kila siku. Asubuhi, akasema, anasimama kwenye mageti ya viwanda kungoja kibarua. Mchana anashuka bondeni, kuna mtu kamwazima matuta ya mchicha. Bado haujafaa kuchumwa. "Hukuwahi kuniuliza," akaongeza, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma.

Jumamosi iliyofuata nikawasomea jumuiya barua yote, salamu mpaka salamu, nikasema kosa lilikuwa langu. Mzee mmoja akapinga. Alisema haya ya kuuliza nani kaandika na lini yataua imani, baba zetu waliamini bila Kigiriki. Naandika maneno yake kwa sababu alikuwa na haki yake. Nimeona watu wanaojua kila kitu kuhusu barua, na kwao hajawahi kula mgeni. Mwalimu mwenyewe alimwitikia kwa kichwa.

Tulipofika kwenye kapu, kabla sijatamka jina, Baba Agape na mkewe wakaingia. Baba Agape ndiye aliyebeba sufuria ya Mwalimu, imeoshwa inang'aa, na imejaa mchicha mpaka umemwagika ukingoni, uchumaji wa kwanza kutoka bondeni. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Akaupanga mchicha juu ya kapu, fungu kwa fungu.

"Mpelekeeni aliyekwama," akasema, akakaa.

Watu wakaitikia amina. Mimi nikafungua daftari, nikauandika ule mchicha.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiuchume mstari ukamrushia mtu. Uulize kwao wapi, nani aliuandika, nani alikuwa akilia siku ulipoandikwa. Wimbo usome kama wimbo, barua kama barua. Panda juu, shuka chini, angalau mistari mitatu. Waulize waliosoma, na wakitofautiana usiwaogope. Kisha umwangalie aliye mbele yako, naye umuulize habari zake, maana mie nilikosea kote kuwili.

Na ule wa kwenye simu yako? Jana nimeutafuta kwao! Unatoka katika barua, nayo ni ya watu waliochukuliwa mateka ugenini, wanatamani kurudi leo, wanaambiwa itachukua miaka mingi. Wajenge nyumba, wanaambiwa. Wapande bustani. Nilipofika hapo nikaona mchicha wa Baba Agape, nikaipiga meza kofi mpaka mama yako akaja mbio. Njoo Jumapili tuusome wote, kwa sauti. Uje hujala.

Mungu akupe subira ya kufika mwisho wa ukurasa, akupe jirani wa kukuuliza umetoka wapi, na sufuria utakayoibeba kwenda kwa watu ikurudie imejaa. Amina.