Mfuta Ubao wa Nyeri na Ukoo wa Penisilini

Ati kuna dawa mpya sokoni Karatina, nusu nyekundu nusu nyeusi, inayofukuza kifua kwa siku moja, wala haina ubaya wa sindano. Uvumi huo ulimganda Wachuka kama kupe. Aliusikia kwa wauza viazi, akausikia kanisani, akausikia tena kwenye foleni ya kinu cha unga. Mwisho aliuamini, na nusura umponze.

Saa sita mchana, kengele inalia katika shule ya wauguzi mjini Nyeri. Wanafunzi wanakwenda kula, Wachuka, mfagiaji wa shule, anaingia na ndoo na dasta. Hafuti kwanza. Anausoma ubao mzima, midomo ikitikisika, kisha ananakili kwenye daftari lake.

"Siwezi kufuta kitu sijasoma," anasema akicheka. "Ni kama kumwaga chakula."

Ana miaka thelathini na minne. Aliacha shule darasa la sita, na kwa shilingi mia moja themanini kwa mwezi anawalea watoto watatu peke yake huko Kamakwa. Daftari ni la tatu sasa.

"Mwanzo nilidhani kila dawa iko peke yake, kama kiatu kilichopoteza mwenzake. Kumbe ziko na ukoo, kama sisi watu! Za maumivu ziko na boma lao, za malaria lao, za kuua vijidudu lao."

Ukoo huo aliuelewa vizuri mwezi wa Mei mwaka huu wa 1976.

Binti yake mdogo, Warigia, alipokuwa na miaka mitatu alidungwa sindano ya penisilini. Uso ukavimba, pumzi ikakaribia kukatika. Wauguzi walimwokoa, wakamwonya mama: asipewe tena maishani.

Mwezi huo wa Mei, Warigia, sasa akiwa na miaka sita, alikohoa siku nne mfululizo. Wifi yake Wachuka, Monicah, anayeshinda na mtoto nyumbani, akanunua zile za rangi mbili. Kwenye karatasi mwuzaji alikuwa ameandika: ampisilini.

"Ile mbaya ilikuwa ya kudungwa, Mama Warigia," Monicah alimwambia asubuhi. "Hii ni ya kumeza. Nitaifungua nimwagie unga wake kwenye uji wa saa saba."

Wachuka akaisoma ile karatasi, akaitikia, akaenda kazini.

Mchana aliinua dasta, mkono ukabaki hewani. Juu ya ubao mwalimu alikuwa ameandika PENISILINI, na chini yake majina manne yaliyounganishwa kwa mistari. La tatu lilikuwa lile la kwenye karatasi.

Mwanafunzi mmoja, Simiyu, alikuwa amerudi kuchukua kalamu.

"Kijana wangu, hawa wa chini ni watoto wa huyu wa juu?"

"Ndiyo, mama. Damu moja. Mtu akikataliwa na mmoja, amekataliwa na boma lote."

"Hata kama ni ya kumeza?"

"Mlango tu ndio umebadilika. Mgeni ni yule yule."

Hakuaga. Alikimbia kilomita tatu, dasta mkononi, watu wa barabarani wakimcheka: ati mwalimu amefukuzwa na wanafunzi.

Alimkuta Warigia ameshika kikombe, anapuliza uji upoe.

"Weka chini!"

"Umeacha kazi kwa sababu ya uji?" Monicah akashangaa.

"Huo si uji, wifi. Huo ni ile sindano, imevaa nguo nyingine."

Monicah alichukua kikombe, akaenda kuumwaga uji nje. Jioni, hospitalini, muuguzi alimpa Warigia dawa ya ukoo tofauti kabisa, na kwa wiki moja kifua kikapona.

Tangu hapo akina mama humjia Wachuka Jumamosi na tembe zao kwenye leso. Hampi mtu dawa; anasoma jina, anauliza yaliyowahi kumpata mtoto, halafu anamtuma hospitali. Sasa anataka karatasi kubwa ibandikwe kwenye mlango wa kinu cha unga, ambako kila mama wa Kamakwa hupita. Mwalimu mkuu wa wauguzi ameisoma na kuikubali. Inasema hivi:

Usinunue dawa kwa rangi yake wala kwa sifa za sokoni.

Usimpe mtoto aliyevimba kwa penisilini dawa yoyote kabla ya kumwambia muuguzi.

Usidhani ya kumeza haiwezi kuua kama ya kudungwa.

Usimpe mtoto dawa iliyobaki kwa jirani.

Usikatishe dawa ya vijidudu kwa sababu homa imeshuka.

Usimeze aspirini tumbo likiwa tupu.

Usimfiche muuguzi ulichompa mtoto jana.