Vyombo vya Mwanaidi Kwenye Nyumba ya Tela

Nilikuwa nasema hadharani, tena kwa sauti, kwamba hapa duniani hakuna cha kunishangaza, maana mtu aliyeishia darasa la nne, akaanza kwa kubeba mchanga kichwani pale Mkuza na leo ana mashine tatu za matofali, ashangazwe na nini tena? Basi ngojeni niwasimulie aibu yangu mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa watu wa Kongowe wanaoongeza chumvi.

Binti yangu Mwanaidi alikuwa anaolewa Kisarawe, kwa watu wa heshima zao. Siku moja kabla ya ndoa tukawa tunapeleka vyombo vyake kwa mume, kwa vigelegele, kila mtu aone. Na vyombo hivyo (hapa ndipo panaponiuma) alivinunua mwenyewe kwa miaka minne ya kushona sare za shule: friji, kabati, seti za sahani, na cherehani yenyewe. Akaniambia, "Baba, tukodi Kenta tu." Kenta! Mimi, mwenye nyumba ya tela niliyoinunua kwa mkandarasi aliyekuwa anarudi kwao, ina jiko ndani na dirisha kubwa la kioo nyuma, Kibaha nzima hakuna mwingine mwenye nayo!

Dirisha hilo ndilo lililoniponza. Nilitaka msafara wa nyuma uvione vyombo na kuvipiga picha, kwa hiyo nikaamuru vizito vyote viwekwe nyuma kabisa, dirishani, mbele patupu. Fundi Seif, anayenichomelea mageti, akachungulia.

"Bosi, uzito uwe mbele, ulikalie gari. Ukijaza nyuma, pua ya tela inanyanyuka."

"Seif, mimi navuta mikokoteni wewe hujazaliwa."

"Haya. Basi tia pini pale tela linapokalia lile bonge la chuma la gari, lisichomoke. Na cheni ya kulishikilia likichomoka je?"

"Cheni ya nini, nafuga mbuzi?"

Pini nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitia, kwa sababu ningepiga magoti na suti ilikuwa mpya.

Tukashika njia ya vumbi ya Kiluvya, mimi mbele peke yangu, vioo vya pembeni nimevifunga maua mpaka havionyeshi kitu, nyuma mke wangu na mashangazi kwenye Kosta na tarumbeta zao. Kwenye mlima wa mwisho gari likaruka shimo, mara likawa jepesi, likapanda kama halina mzigo, nikajisemea hii ndiyo injini sasa! Nyuma nikasikia honi, mayowe, simu inaita haikati; nikajua wananishangilia, nikapunga mkono dirishani.

Kwa wakwe wanawake walikuwa wamejipanga na kanga za sare. Shangazi wa bwana harusi, Bi Mwajuma, akanijia.

"Karibu mkwe wetu. Vyombo viko njiani?"

"Njiani wapi, dada? Si hivyo hapo nyuma!" nikanyoosha mkono bila hata kugeuka.

Wakachungulia nyuma ya gari. Kisha mmoja akasema, "Jamani, mkwe katuletea vumbi," na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikageuka. Bonge la chuma tupu, linang'aa.

Tela lilirudi kinyumenyume mteremkoni, Kosta ikalikwepa (hakuna aliyeumia, alhamdulillahi), likaingia shamba la mihogo, kioo kikapasuka, friji na kabati zikatoka zikailalia cherehani. Sahani haikubaki hata moja nzima. Niliporudi pale, mke wangu alikuwa amekaa chini katikati ya mihogo anaokota vijiko, hakuniangalia. Bodaboda mmoja akasimama: "Mzee, hii nyumba unauza pamoja na shamba?"

Jioni nikaenda chumbani alikokuwa Mwanaidi na somo yake, nikamwambia nitanunua vyote, vikubwa zaidi ya vile.

"Nunua, baba," akasema, hakulia. "Lakini vyangu vimeisha."

Akaenda kwa mumewe na godoro la kuazima. Mimi sasa kabla sijavuta kitu napiga magoti kwenye tope, natia pini, nafunga cheni, naangalia uzito uko wapi, nikitembea kidogo nashuka naangalia tena. Inasaidia nini? Akipiga simu anaongea na mama yake, mimi nasikilizia pembeni. Vyombo vipya nimelipia shilingi milioni tatu, laki sita, elfu arobaini na mbili na mia tano; hajavisifu wala kuvikataa.