Wiki ya Farasi Ambao Sikuwaona

Juzi nilisimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Bertrams hapa Joburg, karibu na uwanja wa mpira, na mbele yangu likasimama gari-nyumba. Jeupe, refu, lina pazia dirishani na viti vya kukunja vimefungwa nyuma kwa kamba. Kwenye kioo cha nyuma mtoto wa kike alikuwa amebandika pua, anakula chipsi, ananitazama. Robot ikawa kijani, wao wakaenda zao, mimi nikabaki nimeshika usukani mpaka dereva wa taksi nyuma yangu akapiga honi na kunitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na nilichokuwa nahisi, rafiki yangu, nakuambia bila kujipamba: kilikuwa wivu. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mvi zimeanza kuchungulia, namwonea wivu mtoto wa watu kwa sababu ya gari.

Hebu kaa nikusimulie, maana huu wivu si wa juzi.

Tulikuwa tunaishi Yeoville, chumba kimoja ghorofa ya pili, mama, mimi na mdogo wangu. Mimi nilizaliwa Uvira, Kongo, nikaletwa huku mgongoni. Mdogo wangu alizaliwa hapa hapa Joburg. Mama alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa kiti cha plastiki karibu na dirisha, kitana, kioo chenye ufa, na ile mikono yake. Harufu ya chumba kile ninaijua mpaka leo: mafuta ya nywele, meshi, zile nywele za bandia, zikichovywa kwenye maji yanayochemka, na kwenye jiko lile lile sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inatokota taratibu. Wateja walicheka, walilalamika, walisinzia, na mama alikuwa na neno moja kwao wote, awe mke wa mchungaji au muuza nyanya: "Kichwa chini." Ukiinua kichwa unapigwa kitana cha kichogo.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua meshi na kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kupendwa. Usinicheke, ndivyo nilivyoona. Alikuwa na mashimo mashavuni na sauti ya kuimba kanisani, na wateja walimpakata wakimlisha biskuti huku mimi vidole vimeungua.

Miongoni mwa wateja alikuwepo mama mmoja Mkenya, mke wa mtu wa benki. Walikaa kule juu, mtaa wa Observatory, kwenye nyumba yenye bustani na mti wa maua ya zambarau, lakini tulisali kanisa moja. Walikuwa na watoto watatu, na binti yao wa kwanza alisoma darasa moja na mimi. Alikuwa rafiki yangu. Narudia, alikuwa rafiki yangu mimi. Tulikaa dawati moja, tulikula mkate mmoja, na siri zake zote nilizijua.

Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu minane, na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, baba wa ile familia alipokuja kumchukua mkewe kwenye kusuka. Akasimama mlangoni na funguo mkononi, akasema, "Mama, tumekodisha gari-nyumba. Tunaenda hadi pwani ya Cape kuona farasi wa porini, wiki mzima. Tuko na kiti kimoja kimebaki, na huyu wetu analilia rafiki yake. Utatupatia msichana mmoja?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya moto. Nililiweka chini polepole. Farasi wa porini! Rafiki yangu alikuwa ameniambia habari zao shuleni. Hawana mwenyewe, hawafungwi kamba, wanaishi kwenye majimaji pale mto unapoingia baharini. Na mimi bahari sikuwahi kuiona.

Mama alisuka ule msuko mpaka mwisho, hakuinua macho. Kisha akasema, "Asante sana, Papa. Mungu awabariki. Mutaenda na ule mudogo."

Yule baba akashangaa. "Lakini si huyu mkubwa ndiye yuko darasa moja na wetu?"

"Ule mukubwa iko na kazi hapa," mama akasema. "Atabakia na miye."

Wakatazamana, wale wakubwa watatu, na yule baba hakuuliza tena. Mimi nilikimbilia choo cha ghorofa nikajifungia, nikalia mpaka majirani wakaanza kugonga. Mama hakunifuata. Nilipotoka macho mekundu, alinipa fungu la meshi nichambue.

Wiki iliyofuata mama aliwasuka wasafiri wote wa kike kwa zamu. Kwetu mtoto hasafiri na kichwa kibaya, watu watasema hana mama. Siku ya mdogo wangu mama alimsuka rasta nyembamba, zile za siku nzima, zenye shanga. Mimi ndiye niliyechovya ncha. Niliyaangalia yale maji yanachemka na nikawaza mambo ambayo mtoto wa Sunday school hatakiwi kuyawaza. Mwisho nikafanya dogo tu. Wakati mama amekwenda kuchota maji, nilifungua begi la mdogo wangu nikatoa sweta, lile moja zito alilokuwa nalo, nikalificha chini ya godoro. Nilijua Cape kuna baridi ya upepo. Nikasema moyoni, ataona.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyonicheka. Mdogo wangu alirudi amevaa sweta jipya, la buluu, lenye kofia na zipu, lenye picha ya farasi kifuani. Alipotetemeka siku ya kwanza, yule mama Mkenya alimnunulia dukani huko huko. Mimi na uchawi wangu ndio tuliompatia. Alilivaa miaka miwili, na lilipomkaza likagawiwa, maana kwangu mimi tayari lilikuwa dogo.

Na hadithi! Eish, zile hadithi. Alizisimulia kitandani, kanisani, kwenye foleni ya spaza, kale kaduka ka mtaani, kwa wateja waliokaa kichwa chini wasiweze kukimbia. Ndio maana safari ile ninaijua kuliko wengi waliokwenda. Ninajua kwamba gari lilikuwa na kitanda juu ya kichwa cha dereva, na wasichana wawili walilala humo wakiangalia nyota kwenye kidirisha. Ninajua yule baba alikataa kabisa kula mkate siku ya pili, akasonga ugali ndani ya gari madirisha yamefungwa, king'ora cha moshi kikalia mpaka wazungu wa kambini wakatoka na ndoo za maji, naye akawakaribisha wale ugali. Ninajua kuna mahali barabara imenyooka siku nzima bila kona. Ninajua polisi waliwasimamisha mara mbili njiani, wakafungua mlango, wakahesabu watoto, wakataka kuona vyeti, na yule baba akatoa faili. Hapo nilikuwa ninamwambia aruke. Polisi wa nini? Nataka farasi.

Zilipita siku tatu za safari bila kuwaona. Siku ya nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, mdogo wangu ndiye aliyewaona wa kwanza. Yeye, si rafiki yangu, si mtu mwingine. Walikuwa tisa, rangi ya kahawia iliyokolea, wamesimama kwenye maji mpaka magotini wanakula majani yanayoota humo humo. Mmoja alikuwa na mtoto, miguu mirefu, ananyonya. Dume mmoja aliinua kichwa akawatazama, masikio mbele, maji yanamtiririka kidevuni. Kisha wakageuka wote pamoja wakakimbia kuelekea baharini, na maji yakaruka juu kuliko migongo yao. Mdogo wangu alikuwa anaigiza hapo, anapiga mapaja kwa viganja, na mimi nilikuwa ninamchukia huku ninasubiri arudie.

Baadaye nikaona kilichobaki kwangu. Rafiki yangu alikuwa sasa rafiki yake. Walikuwa na mchezo wao wa farasi kanisani baada ya ibada, una majina na sheria, na nilipoomba kucheza waliniambia kwa upole kabisa, "Wewe hukuwepo." Kweli, sikuwepo. Ni jambo la kweli, lakini liliniuma hadi kwenye mifupa.

Basi shule zilipofunguliwa mwalimu akasema tuandike tulichofanya likizo. Nikaandika. Niliandika kitanda cha juu ya dereva, barabara iliyonyooka, ukungu, wale tisa, maji kwenye kidevu cha dume. Niliandika kwamba mimi ndiye niliyewaona wa kwanza. Mwalimu alipenda mno, akaisoma mbele ya darasa lote, akaniambia nisimame nipigiwe makofi. Rafiki yangu alikuwa ameketi pale pale kwenye dawati letu. Niliganda nikimsubiri aseme. Alinitazama, akatazama daftari lake, kisha naye akapiga makofi pamoja na wengine. Nilitamani angesema. Kuanzia siku ile nilihamia dawati la nyuma mwenyewe.

Mama sikumsamehe. Sikumtukana, kwetu humtukani mama, ila niliweka hesabu ya moyoni: anampenda yule kuliko mimi. Kila nyama kubwa kwenye sahani ya mdogo wangu, kila kucheka kwake, nilisema si nilijua. Niliyabeba hayo mpaka nikawa na miaka kumi na tisa, siku nilipotafuta karatasi zangu za zamani za ukimbizi kwa ajili ya maombi ya chuo. Mama alizihifadhi zote ndani ya mfuko wa unga, kwa mpangilio. Nikaona ya mwaka ule. Muda wake ulikuwa umekwisha wiki nyingi kabla ya ile safari, na mpya ilitoka baada ya Krismasi. Mdogo wangu, aliyezaliwa hapa, alikuwa na cheti chake, kimetulia.

Nikaenda nayo kwa mama. Alikuwa anasuka, akamwambia mteja asubiri. Akafuta mikono, akaichukua ile karatasi.

"Nilipanga mustari ku ofisi ya karatasi mara ine," akasema. "Banasema rudi kesho. Na ile njia ya Cape iko na polisi. Bangekushusha, bangekupeleka siye tusikokujua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Kama mudogo wako ni mutu na weye hauko mutu? Ulikuwa mutoto. Nikaona afazali unikasirikie miye." Akachukua kitana. "Na ulinikasirikia vizuri, kabisa." Akacheka, akamgeukia mteja. "Kichwa chini."

Ungedhani hapo wivu ungekufa. Ulipungua makali, sitakudanganya. Lakini farasi ni farasi, na mimi sikuwaona.

Mama alituacha mwaka jana. Chumba cha Yeoville kina watu wengine, chini yake sasa wanauza simu, na rafiki yangu yule alihamia ng'ambo zamani bila sisi kuzungumza. Tulipokaa na mdogo wangu kugawana vitenge vya mama, tulipofika katikati ya rundo nikamwambia anisimulie tena wale farasi. Mtu mzima mimi, naomba hadithi.

Akafikiri. "Walikuwa farasi tu, dada. Walikuwa mbali. Nadhani walikimbia. Mengi siyakumbuki tena, nakumbuka zaidi ile insha yako, rafiki yako alinionyesha." Akakunja kitenge kimoja akakiweka magotini. "Lakini hebu wewe uniambie. Ile wiki ulibaki na mama peke yenu. Mimi sikuwahi kuwa na mama peke yangu hata siku moja, maisha yangu yote. Nilipolala kwenye lile gari nilikuwa ninalia kwa wivu, wao wakadhani nina baridi. Mlifanya nini? Nisimulie."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na uhakika kwamba kitu kitatoka, mimi ninayejua idadi ya farasi nisiowaona na rangi ya maji yao.

Nilichokipata ni hiki. Siku ya nne ile, mama alikataa wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinishika mkono tukapanda kwa miguu mpaka kule juu ya kilima cha Observatory, akatandika kitenge kwenye majani, akafungua chikwange, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukaanga, vile ninavyopenda mimi, akiwa na kichwa chake. Aliongea sana siku ile. Alinisimulia kitu kirefu, nadhani cha Uvira, cha utoto wake, maana alicheka mpaka akafuta machozi na upindo wa kitenge, akanigusa bega akasema, unasikia?

Nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa ninahesabu vidoleni gari-nyumba limefika wapi. Mdogo wangu alikuwa bado ananitazama, anasubiri, na sikuwa na hata neno moja la mama la kumpa.