Mbuzi Ishirini na Watatu wa Mashuuru

Mama mwenyekiti aliinyoosha ile karatasi juu ya goti lake, kisha akanipa nisome, kwa sauti, wanawake wote wasikie. Tulikuwa tumekaa nje ya kanisa lao la mabati huko Mashuuru, wao ishirini na kitu, mimi peke yangu niliyetoka Kitengela. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo ilibidi nijitafsirie hukumu yangu mwenyewe. Ilisema chama chao kimepoteza mbuzi ishirini na watatu, na kwamba upotevu huo umetokana na uzembe wa mwandishi wa vitabu vya hesabu. Mwandishi wa vitabu ni mimi. Ningeweza kuruka hayo maneno, maana pale hakuna aliyekuwa na Kiingereza cha kunikamata. Sikuruka. Nikayasema yote, mweka hazina akayarudia kwa Kimaa, hivyo nikahukumiwa mara mbili.

Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja mzee, yule ambaye kila nikifika alikuwa ananipa chai ya maziwa matupu, aliinuka, akachukua kikombe changu kikiwa bado kimejaa, akakirudisha ndani.

Mama mwenyekiti ndiye aliyesema. "Mbuzi wako hai. Sisi tunajua wako wapi, na wewe tulikuambia wako wapi. Sasa ni nani amewaua kwa karatasi?"

Nilikuwa namjua aliyewaua. Nimeombwa nisitaje majina, basi sitataja, lakini nitawaeleza watu hawa mpaka wajijue. Wa kwanza ni mhasibu mwenye ofisi Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, mlango wenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa gundi. Wa pili ni mkuu wa idara ya uhasibu katika chuo nilichosomea, anayetembea na funguo shingoni. Hao wawili.

Mimi shule niliacha darasa la nane. Miaka kumi na moja nilisimama kwenye chumba baridi cha kupanga maua huko Isinya, nikihesabu mashina na kuyafunga kwa mpira, mpaka vidole vikaanza kukataa kukunjika. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa mtu mzima, nikapata alama za kunifikisha mlangoni tu. Nikaingia kozi ya cheti ya uhasibu, masomo ya jioni na Jumamosi. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Watoto wa darasani waliniita shosho, yaani bibi, nami niliwaacha, kwa sababu leja zangu zilikuwa safi kuliko zao na hao hao walikuwa wanakuja kuzinakili.

Chuo hakikupi cheti mpaka ufanye miezi sita ya kazi, na mhasibu mwenye mhuri akutilie sahihi kwenye kitabu cha mafunzo. Mkuu wa idara ndiye aliyenipeleka kwa yule mwenye ofisi. Alisema ni rafiki yake, mtu wa kanisa, atanifunza vizuri. Sikujua kwamba kila mwaka anampelekea watu wawili watatu, na kwamba ofisi nzima huendeshwa na wanafunzi wasiolipwa. Nilikuja kujua nilipoona nafagia, nachemsha chai, najaza fomu za kodi za watu thelathini, na yeye mwenyewe anaingia saa tano, anagonga mhuri, anaondoka.

Wateja wangu wa kwanza niliwatafuta mwenyewe. Nilianza na jirani anayefuga kuku wa mayai, nikamwandikia hesabu zake bure, na mwisho wa mwezi alipoona chakula cha kuku kinamla kuliko wezi, akanilipa trei mbili za mayai. Yeye akanitajia mwingine. Na huyo mwingine ana mke mwenza wa dada yake Mashuuru, katika chama cha wanawake wanaonunua mbuzi kwa pamoja na kuwanenepesha. Walikuwa wanataka mkopo wa kuvuta maji, na mwenye kukopesha anataka vitabu.

Nikaenda. Nikawasalimu kwa Kimaa, takwenya, wakaitika iko, wakanicheka jinsi nilivyolitamka. Nikauliza, kama nilivyofundishwa, mko na mbuzi wangapi. Mweka hazina akanivuta kando akaniambia taratibu kwamba mifugo haihesabiwi hivyo, moja mbili tatu kwa kidole. Wazee wao walikataza, ni kuiitia balaa. Nikamuuliza mnajuaje basi kama mmoja hayupo. Akaniangalia kama anayemwonea mtoto huruma. "Kwani wewe huwahesabu watoto wako ndio ujue nani hajarudi?"

Hapo ndipo nilipojifunza uhasibu, si kule chuoni. Nilinunua kitabu kikubwa cha mistari, nikampa kila mbuzi mstari wake. Mwekundu mwenye doa jicho la kushoto. Mweusi pembe moja, mtoto wa yule mwekundu. Alama ya sikio. Alinunuliwa lini, kwa nani, kwa pesa ngapi. Na safu ya mwisho niliiandika ALIPO, kwa sababu ukame ukizidi hawakai na mbuzi wote mahali pamoja. Wanawagawa kwa wakwe na marafiki wenye maji. Mwaka ule walikuwa wamepeleka ishirini na watatu upande wa Loitokitok, kwa shemeji zao. Kila mmoja nilimwandikia yuko kwa nani na nani alimpeleka. Jumla niliipata mwenyewe nyumbani kwa kuhesabu mistari, bila kumnyooshea mbuzi kidole ndani ya boma. Wale mama hawasomi, lakini ukiwasomea mstari wanakwambia, huyo tulimuuza, futa.

Mwanafunzi hawezi kutia sahihi hesabu za mkopo. Nikampelekea mwenye ofisi kitabu. Akasema kiache hapa, nitakwenda kuhakikisha. Ada ya kuhakikisha akaipanga yeye na kuichukua yeye.

Tulienda naye asubuhi moja. Hakusalimia mtu. Alisimama kwenye lango la boma na viatu vyake vinavyong'aa, akanyoosha kidole, akaanza kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Wanawake waligeuza nyuso. Nilimvuta shati. Akaendelea. Alipomaliza akasema wamepungua. Nikamwambia wengine wako Loitokitok, soma safu ya mwisho, uko nacho kitabu ofisini wiki mbili sasa.

Akacheka. "Shemeji ni stoo? Mali iliyo kwa shemeji ya mtu ni ya shemeji. Mimi naandika ninachoona."

Nikamwomba tupande mpaka Loitokitok akaone. Akaniuliza kama petroli nitanunua mimi. Nikamwambia apige simu basi, namba ninazo. Akasema yeye hapigii mbuzi simu. Dereva wake alicheka mpaka akafuta macho.

Hesabu alizotuma kwa wenye kukopesha hazikuwa na safu ya ALIPO. Aliifuta. Walipouliza upungufu umetoka wapi, angeweza kusema, nilihesabu vibaya, nipeni siku mbili. Badala yake aliandika ile barua niliyoisoma nje ya kanisa. Mkopo ukakataliwa, na nakala ya barua ikatumwa kwa chama. Na maji mpaka leo wanayafuata kwa punda.

Kesho yake baada ya kuwasomea wale mama barua, nilikuwa ofisini kwake kabla hajafika. Nikamwambia aandike barua nyingine ya kurekebisha na anirudishie kitabu cha chama. Hakukasirika hata. Alivuta droo, akatoa kitabu changu cha mafunzo, akakifungua kwenye ukurasa wa sahihi. Kando yake akaweka karatasi aliyokwisha kuichapa, inayosema mimi ndiye niliyekosea hesabu za Mashuuru na ninakubali.

"Mama, tusisumbuane. Wewe weka sahihi hapa, mimi naweka hapa. Cheti unapata, maisha yanaendelea."

Nikamwambia siwezi kutia sahihi uongo. Jina langu ndilo nitakalofanyia kazi.

"Mhuri wangu uko na miaka kumi na nane mjini hapa," akasema. "Jina lako liko na miezi mingapi?"

Sitadanganya kwamba sikuitamani ile kalamu. Niliishika. Nilifikiria miaka mitatu ya karo, nikafikiria vidole vyangu. Halafu nikaiweka chini nikatoka. Akanipigia kelele ngazini kwamba nitarudi.

Sijarudi. Nilienda kwa mkuu wa idara, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Akachezea funguo zake. Akasema madam, mambo ya ofisini yamalizeni huko huko, wewe lete sahihi tukupe cheti. Nikamuuliza kama kuna mhasibu mwingine ambaye anaweza kunipeleka kwake. Akasema itabidi nianze miezi sita upya, na kwamba sifa yangu sasa si nzuri. Sifa hiyo ameitoa kwa rafiki yake. Kwangu hakuuliza hata karatasi moja.

Kwa hiyo sina cheti. Mwenye kuku ameniacha, akasema si kwa ubaya. Mashuuru hawapokei simu yangu.

Sasa nasema na wewe mwenye ofisi. Usiniite pembeni, na usinitumie mtu wa kanisa. Waandikie wale wenye kukopesha kwamba ulihesabu boma moja ukafuta safu nzima. Kitabu cha wale mama ukipeleke Mashuuru kwa mkono wako, uketi chini mbele yao, mweka hazina atafsiri, useme ni nani aliyehesabu siku ile. Nitakuwepo, na sitakutukana.

Na wewe mkuu wa idara, uliyepokea karo yangu kila muhula bila kukosa, nijibu kwa maandishi: wanafunzi wangapi umempelekea huyu mtu, na wangapi walitia sahihi makosa yake ili uwape vyeti?